Wakazi wa Mtaa Ambao Haujajengwa

Bi Mwanamkisi alikuwa uwanjani kwake Kililana akipepeta ufuta, wakazi wa mtaa mpya walipoanza kuingia. Mtaa wenyewe ulikuwa haujajengwa. Ulikuwa kwenye ramani tu ya mji wa bandari, pamoja na mtaa wa mameneja, mtaa wa makuli na kitongoji cha wastaafu. Wakulima hawakupewa mtaa, labda kwa kuwa waliochora ramani hununua mahindi dukani.

Wa kwanza alikuwa Kiprotich, karani wa bandari wa miaka ijayo, funguo mkononi na mkate kwapani. Alikatiza shamba, akalegeza tai, akaketi hewani pale ambapo kochi lake lingewekwa.

"Mwanangu, mbona hukupiga hodi?"

"Hapa ni kwangu, mama. Tumeshahamia."

"Toka nde, upige hodi."

Kiprotich alikuwa amelelewa vizuri. Akatoka hadi kwenye ua wa miiba, akapiga hodi mara tatu. Bi Mwanamkisi akaendelea kupepeta. Mgeni asiyekaribishwa mara tatu hurudi kwao, lakini kwao Kiprotich kulikuwa hapo hapo, basi akasimama. Kufikia adhuhuri ua mzima ulizungukwa na familia zenye majokofu na magodoro, zote zikipiga hodi kwa adabu. Jua lilikuwa kali. Bi Mwanamkisi akawapelekea mtungi wa maji.

"Mayi tawapa," akasema. "Karibu siwapi."

Alasiri akafika Murithi, afisa wa mipango. Aliwaamkia wakazi, akawaomba wavumilie kidogo, kisha akaingia uwanjani na viatu vyake, bila hodi, akapigilia kigingi cha mbao katikati ya jamvi la ufuta.

"Bwana, kwenye ramani yako mimi niko wapi?"

Murithi akaikunjua, akaitazama kwa makini.

"Hujaonyeshwa, Bi. Lakini huku pembeni tumeacha nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Ya upanuzi wa baadaye."

Bi Mwanamkisi alikasirika. Alizaliwa hapo, na mamake kazikwa hapo. Aliking'oa kile kigingi, akakitia motoni, akachemshia chai. Aliinywa taratibu, mtaa mzima ukimtazama.

Murithi akaikunja ramani yake. Alikwenda garini kuchukua kigingi kingine, na gari lilikuwa limejaa vigingi. Bi Mwanamkisi akaongeza maji kwenye sufuria.