Chujio la Yakani

Hawah alitaka ndoo mbili za plastiki, basi. Ndoo juu ya ndoo, na katikati mshumaa mmoja wa udongo mweupe, ule unaozuia uchafu maji yakipita. Aliziona sokoni Koboko, za bei nafuu, akamwonyesha mumewe kwa kidole kabisa. Maji ya kisima chao kule Lobule yalikuwa na rangi ya chai, na mtoto wao Taban hakupumzika kuharisha tangu warudi kutoka ukimbizini Sudan.

Lakini Yakani na ndoo? Thubutu! Mtoto wa sajini, aonekane na ndoo? Alipanda baiskeli mpaka Arua, akarudi na chujio la chuma linalong'aa, lenye bomba, akalisimamisha sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Wageni walilisifu mpaka akavimba kichwa. Kulijaza alijaza mwenyewe. Mfuniko hakuruhusu mtu aguse, eti wataliharibu. Akamwambia mkewe aache kumaliza kuni, maji yale yanyweke hivyo hivyo. Hawah akamwamini, akaacha kuchemsha.

Taban akaanza kuharisha damu.

Siku waliyorudi kutoka zahanati, mtoto amelegea mgongoni kama nguo mbichi, Hawah aliufungua ule mfuniko ili alioshe chujio vizuri. Ndani hamkuwa na mshumaa hata mmoja. Matundu mawili matupu, na maji yanapita vilevile yalivyotoka kisimani.

Yakani alikuwa barazani na wageni. Hawah akamwita kando, akamuuliza mishumaa iko wapi. Hata hakukana, mtu huyu! Alinong'ona kwamba chujio lilimaliza pesa yote, mishumaa angenunua baadaye. Kwani kuna mgeni anayechungulia ndani?

Hawah akalileta chujio barazani, akalifunua, akawaambia wageni wachungulie, mmoja mmoja. Kisha akajitwika chujio kichwani, Taban mgongoni, akashika njia ya Koboko bila kuaga. Akaliuza huko, akarudi na ndoo mbili na mshumaa mmoja.

Yakani alimngoja mlangoni, akalalamika weee kwamba ameaibishwa mbele ya watu. Hawah alipanga ndoo zake, akamwaga maji, akangoja yachuruzike. Kikombe kilipojaa, Yakani alinyoosha mkono, koo limemkauka kwa maneno.

Hawah akakisogeza kikombe mbali naye.

"Hii maji iko ya Taban," alisema. "Wewe kunywa ile ulimpa yeye."