Mguu wa Bata Dobi

Bata alikuwa dobi. Katika ile katuni fupi ya Marekani, ya zamani, nyeusi na nyeupe, mbweha anakuja kumpokonya karai lake la kufulia. Bata anashika kiuno, anapiga mguu chini mara nne, na mbweha anaacha karai na kutimua mbio. Hadithi nzima ndiyo hiyo, na Pyo Geum-rye aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Yeye na wanawake ishirini wenzake, kwenye ghorofa ya tatu pale Chungmuro, Seoul, baridi ya mwaka 1969, kazi yao ilikuwa kuzinakili picha za katuni hiyo moja moja juu ya plastiki angavu na kuzipaka rangi. Watoto wa Marekani walikuwa wamepata televisheni za rangi, hawakutaka tena kijivu. Plastiki zikishapigwa picha zilioshwa, zikatumika upya.

Meneja Ma, mtu wa haraka hata katika kunywa chai, alitoa amri: katika kila picha tatu, chora moja, ruka mbili. Sasa, mguu wa bata ulikwenda kwa picha tatu: juu, katikati, chini. Ukiruka mbili kila mara, unabaki na ya juu peke yake.

"Bwana Meneja," Geum-rye alisema, "mguu haushuki."

"Mguu gani?"

"Wa bata. Anaunyanyua, basi, anabaki hivyo kama anayengoja kufungwa kiatu. Mbweha anakimbia nini sasa?"

"Anakimbia kwa sababu katuni inaisha, Bi Pyo. Watoto wako kwenye kifungua kinywa. Nani atatazama mguu?"

"Mimi nimeutazama."

Mchana, wali wake ukipoa pembeni, alizichora zile nane zilizorukwa, mbili kwa kila pigo la mguu. Meneja alizikuta, akazitumbukiza mwenyewe kwenye karai la kuoshea, rangi ikayeyuka mbele ya macho ya wote. Kisha akamwondoa mezani. Tangu siku hiyo Geum-rye angeosha plastiki. Miaka sita ya kalamu, mkono uliotulia kuliko yote mle ndani, na malipo yake maji ya baridi! Ilimuuma sana. Alitaka kulia, akakataa kumpa mtu yule hata chozi moja.

Kesho yake akaanza kuosha. Aliosha moja, akaweka mbili kando zikiwa chafu. Akaosha moja nyingine, akaweka mbili.

"Dada, unatafuta kufukuzwa?" alinong'ona Seong-hui wa meza ya karibu.

"Natii amri, mdogo wangu."

Kufika Alhamisi, meza zilikuwa zimeishiwa plastiki safi, na katuni ilitakiwa kwenye ndege Jumamosi. Meneja Ma alikuja kasi, tai imepinda.

"Plastiki safi ziko wapi?"

"Hizo hapo. Moja katika kila tatu, kama ulivyoagiza."

"Niliagiza kuchora, sikuagiza kuosha."

"Kwani tofauti iko wapi, Bwana Meneja? Huku nako hakuna anayetazama."

"Nitakufukuza leo hii."

"Nifukuze. Ila umtafute wa kuosha rundo hili kabla ya Jumamosi."

Kwa hasira Meneja aliinama, akalinyakua karai ampelekee mwanamke mwingine. Geum-rye alisimama. Kodi ya chumba na dawa za mama yake vilitoka katika kazi hiyo, lakini mikono yake iliyolowa ilikuwa tayari imeshika kiuno.

Wote wakageuka kutazama. Wanawake wale walikuwa wamechora jambo hilo hilo kwa wiki tatu: karai, anayelipokonya, na dobi aliyeshika kiuno. Seong-hui ndiye wa kwanza kupasuka kwa kicheko, na wengine wakamfuata mpaka meza za kioo zikatikisika. Meneja alilitazama karai mikononi mwake. Maji yalikuwa yakimwagikia viatu vyake, na masikio yalimwiva kwa aibu.

Geum-rye aliunyanyua mguu.

"Nane," alisema Meneja Ma, akiliweka karai chini taratibu. "Rudi mezani uzichore hizo nane. Nane tu, Bi Pyo, hata moja isizidi."

Geum-rye aliushusha mguu kwanza, mpaka chini kabisa, ndipo akamjibu kwamba nane zinatosha.