Shauri la Mabata wa Dunmore

Dada Verbena Oglesby aliingia ofisini kwetu asubuhi moja ya masika, amevaa kofia ya kanisani na kubeba mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vyeupe vya wahudumu wa mlangoni kanisani, ila hivi havikuwa vyeupe tena. Akauweka mfuko juu ya meza yangu, ubavuni kabisa mwa mkate niliokuwa nimeanza kuula.

"Nimekuja kushtaki mabata bukini," alisema.

Nilimweleza kwa adabu kwamba Ofisi ya Usawa na Haki za Raia ya jiji la Kettleford haina mamlaka juu ya ndege. Kazi yetu ni watu walionyimwa nyumba kwa sababu ya rangi yao, wenye viti vya magurudumu wasioweza kuingia maktaba, mambo ya namna hiyo.

"Bata sina ugomvi naye," alinijibu. "Bata ni kiumbe wa Mungu, hajui lolote. Ninayemshtaki ni yule anayemtuma kwetu. Niitie bosi wako."

Bosi wangu alikuwa Odessa Tillery, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, wakili wa zamani aliyeweza kumfanya mwenye nyumba mkorofi apate kigugumizi kabla hajamaliza kumsalimia. Lakini pale makao makuu ya jiji, wakuu wa idara nyingine walidhani kazi yake ni kubandika mabango ya heshima ukutani na kuwakalisha watu duara wazungumzie hisia zao. Akiingia kwenye lifti walinyamaza, na kimya chao kilinuka utani uliokatwa katikati. Odessa alikuwa anangoja shauri moja ambalo hakuna atakayelipuuza. Sidhani kama alitarajia lije na manyoya, hasa kwa kuwa alikuwa na siri moja niliyoijua mimi tu: aliogopa ndege kupita kiasi. Utotoni, nyumbani kwa bibi yake Alabama, jogoo alimfukuza akamzungusha nyumba nzima, na tangu hapo hata njiwa akitua dirishani alikuwa akiomba kikao kihamie chumba kingine.

Dada Oglesby alieleza shauri lake bila kupumzika. Ng'ambo ya magharibi ya mto kuna ziwa la Crestwood, lenye majumba makubwa na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari. Watu wa kule walilalamika juu ya mabata, na Idara ya Bustani ikawatafutia mbwa wa kuchunga kondoo. Kila asubuhi mbwa huyo huwatimua mabata wa Crestwood. Mabata nao si wajinga, huvuka mto na kutua bustani ya Dunmore, upande wa mashariki, mbele ya kanisa la Mount Gilead.

"Watoto hawachezi mpira tena," alisema. "Maharusi wanapiga picha wamesimama juu ya magazeti. Shemasi Purnell aliteleza na jeneza mkononi. Marehemu alikuwa mtu mpole, hakusema kitu, lakini mjane alisema mengi."

Nilishika mdomo. Odessa hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu," Dada Oglesby alimwambia. "Zamani walituletea dampo. Tukapigana nalo, likaondoka. Wakatuletea barabara kuu, ikapita juu ya saluni ya mama yangu. Sasa wanatusafirishia mavi kwa ndege."

Odessa akanigeukia. "Fungua faili," alisema.

Mkuu wa Idara ya Bustani alikuwa Dale Hruska, pande la mtu mwenye ndevu nyekundu. Mbwa mwenyewe, jike jeusi na jeupe aitwaye Duchess, alikuwa amelala chini ya meza yake, amevishwa kizibao chenye nembo ya jiji. Picha yake ilitundikwa ukutani kama mfanyakazi bora wa mwezi. Odessa alipoeleza shauri, Dale alicheka hadi akafuta machozi kwa ndevu.

"Odessa, bata ana mabawa. Hakuna aliyempangia nyumba. Anachagua mwenyewe mtaa wa kuishi."

"Kila mwenye nyumba niliyewahi kumshtaki aliniambia maneno hayohayo," Odessa alisema.

"Na utajuaje kama ni walewale wa Crestwood? Mabata wote wana sura moja."

Nilimwona Dale akiisikia sentensi yake mwenyewe, ileile ambayo wabaguzi husema juu ya watu weusi, imesemwa mbele ya mkurugenzi wa haki za raia, na wekundu ukapanda kutoka kwenye ndevu hadi kwenye kipara.

"Nazungumzia mabata," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua unazungumzia nini, Dale."

Habari zilienea. Gazeti la mjini lilichora bata aliyeshika bango la maandamano. Kwenye lifti watu hawakunyamaza tena, sasa walilia kama mabata. Meya alimwita Odessa faragha, nami nikiwa nimebeba faili.

"Nakuomba utafute jambo jingine," alimwambia. "Watu wananiuliza kama mabata watapewa kura."

"Mheshimiwa, mimi nangoja mmoja tu akuulize kwa nini mbwa wa jiji zima ana mtaa mmoja."

Meya alitazama dari, kisha akasema tuendelee, ila tuendelee polepole.

Ushahidi ulijileta wenyewe. Siku moja tulipita Dunmore tukakuta kila nguzo ina tangazo: AMEPOTEA. ANAITWA PAMELA. BAWA LA KUSHOTO LIMEPINDA. ANAPENDA NJEGERE ZA BARAFU. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya Constance Vandermeer, na mumewe tulimjua. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakazi wa Crestwood, yuleyule aliyedai mbwa aletwe.

Odessa alimpigia. Bibi Vandermeer akaja siku hiyohiyo, amevaa mabuti ya mpira na kukumbatia bakuli la njegere. Alisimama katikati ya bustani akaita jina kwa sauti nyembamba. Kutoka kwenye lile kundi akachomoka bata mmoja mnene, bawa limepinda, akaja anayumba kama bwana mkubwa anayetoka karamuni. Bibi Vandermeer akapiga magoti akalia.

Odessa alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, isipokuwa ufa mwembamba wa kupitishia maswali.

"Una hakika ndiye?"

"Mkurugenzi, mtu hamsahau Pamela."

"Kwa kawaida anaishi wapi?"

"Nyuma ya nyumba yetu, Crestwood. Mpaka mume wangu alipomleta yule mbwa."

"Uko tayari kuyasema hayo mbele ya madiwani?"

"Mume wangu atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi niko tayari," alisema, akimlisha Pamela kiganjani.

Dale hakukubali. Alisema bata mmoja si kundi. Akataka twende Dunmore naye na Duchess, awatimue mabata mbele ya macho yetu, tuone wenyewe kwamba bata akitimuliwa huenda anakotaka, kaskazini, kusini, au mbinguni. Odessa hakuwa na njia ya kukataa. Alikuja amevaa suti ya mahakamani na viatu virefu, ameshika mwavuli mkubwa, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu. Dada Oglesby alitoka kanisani akasimama kwenye ngazi kutazama.

Jambo ambalo Dale hakulipima ni majira. Vifaranga walikuwa wametotolewa juzijuzi, na bata mwenye vifaranga hana habari na nembo ya jiji. Duchess alishuka garini kwa madaha, akakimbia mbio zake nzuri za kuinama. Dume kubwa likatoka mbele, likashusha shingo, likatoa sauti kama tairi linalopoteza upepo. Duchess akasimama. Akafikiri. Kisha akaonekana kama aliyekumbuka kitu garini, akageuka na kuruka kupitia dirishani, akatua mapajani mwangu, maana mimi nilikuwa nimebaki garini.

Mabata wakamgeukia Dale.

Sijapata kuona mtu mkubwa akikimbia hivyo. Palikuwa na meza moja ya mbao, na alipoifikia alimkuta Odessa ameshasimama juu yake. Alipandaje na vile viatu, hata leo sijui. Dale akapanda naye, meza ikalia, mabata wakaizunguka wakifoka. Mimi na Duchess tulitazamana, tukakubaliana kimoyomoyo kwamba mlango haufunguliwi.

"Fungua mwavuli," Dale alisema.

"Umekwama."

"Hii ni kila siku?" Dale alimuuliza Dada Oglesby kwa mbali.

"Jumapili huwa vibaya zaidi," Dada Oglesby alijibu. "Wanaipenda kwaya."

Kisha alivaa glavu zake nyeupe, akainua mkono kama anavyofanya akiwazuia waliochelewa wasiingie katikati ya sala, akashuka ngazi. "Nimewakalisha watu wakaidi kuliko hawa," alisema. Akawaendea kwa mwendo wa heshima. Mabata wakamtazama. Muda mfupi baadaye meza ilikuwa na watu watatu.

Odessa alifumba macho, ameshika mkono wa shati la Dale kwa nguvu zote. Hata hivyo wakili hafi ndani ya mtu.

"Dale," alisema, "nijibu nikiwa bado nina akili zangu. Mbwa akishindwa, mabata wanaondokaje?"

"Majani," Dale alisema. Mabata walikuwa wakifoka chini yake, na nadhani ndiyo sababu alisema kweli. "Ukiacha majani yarefuke ukingoni mwa maji, bata hakai. Haoni nini kimejificha. Hawahami wote kwa siku moja, lakini wanahama."

"Mlijua lini?"

"Siku zote. Lakini Crestwood hawataki majani marefu. Wanasema yanaharibu mandhari."

"Na watu wa Dunmore mliwauliza?"

Bata mmoja alipanda kwenye benchi la meza akaanza kuchunguza kamba ya kiatu cha Dale.

"Dale. Mliwauliza?"

"Hapana," alisema. "Haikutujia kuwauliza."

"Basi tuulizeni sasa," Dada Oglesby alisema, ameshikilia kofia. "Sisi tunayapenda mpaka magotini."

Sikucheka tena hapo. Niliona uso wa Dale ukibadilika. Akamtazama yule mama aliyebanwa naye juu ya ubao mmoja, jirani wa bustani aliyoisimamia miaka mingi bila kumjua hata jina. "Samahani, mama," alimwambia. Dada Oglesby akamjibu kwamba samahani ameipokea, ila asogee kidogo, anamkanyaga.

Waliokolewa na Bibi Vandermeer, aliyekuja na njegere zake za kila siku. Alimwaga bakuli zima kwenye nyasi, mabata wakamfuata, na wale watatu wakashuka mmoja mmoja. Odessa akaenda moja kwa moja garini. Alipofungua mlango, Duchess alikataa kuhama kiti.

Kikao cha madiwani kilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Nusu walikuja kwa ajili ya haki na nusu kwa ajili ya kucheka, lakini wote walikaa mpaka mwisho. Bwana Vandermeer alisema majani marefu yataleta nyoka. Mkewe akasimama upande wa pili wa ukumbi.

"Harold," alisema, "mwaka wa thelathini na mbili huu tunaishi pale, na nyoka pekee niliyemwona ni mpira wa kumwagilia maua. Tena ni wewe uliyekuwa ukiupigia kelele."

Diwani mmoja akauliza kama Ofisi ya Usawa haikuwa na kazi ya maana zaidi ya ndege. Odessa alisimama. Hakuwa na karatasi.

"Sikuja kuwatetea ndege," alisema. "Mimi na ndege hatupatani, mwulizeni Bwana Hruska. Nimekuja kuuliza jiji linapoondoa tatizo mlangoni mwa mmoja, linalipeleka mlangoni mwa nani, na kama lilibisha hodi kwanza."

Dada Oglesby akasema "amina" kutoka nyuma, na safu yake yote ya wanakanisa wakaitikia. Ikawa vigumu kidogo kwa yule diwani kuendelea.

Dale mwenyewe alisimama kuunga mkono. Uamuzi ukapita: majani yaachwe pande zote mbili za mto, kuanzia Dunmore. Na tangu siku hiyo idara yoyote isihamishe kero ya mtaa mmoja kwenda mtaa mwingine bila kwanza kwenda kukaa na watu wa mtaa huo. Meya aliusoma uamuzi huo wote kwa uso mkavu kabisa, ingawa nilimwona akiuma mdomo asicheke alipofika kwenye neno "mabata".

Hadi majani ya miti yalipoanza kupukutika, mabata wengi walikuwa wamehamia uwanja wa gofu ulio nje ya mpaka wa jiji. Meneja wa uwanja ule alitupigia simu, amekasirika, akitaka mbwa. Nilimwambia mbwa hatoki garini siku hizi, na kwamba yeye yuko nje ya mamlaka yetu, lakini tunamwonea huruma. Pamela alibaki Dunmore. Bibi Vandermeer huvuka mto kila siku kumwona, na amejiunga na kwaya, ambako wanasema sauti yake haisaidii sana lakini njegere zake zinakubalika.

Odessa bado huombwa kubandika mabango. Ila kwenye lifti sasa wanamsalimu kwa jina, isipokuwa jamaa mmoja wa idara ya fedha ambaye hawezi kujizuia kulia kama bata. Na Dale amekuwa na tabia ya kupita ofisini kwetu kabla hajaamua jambo. Juzi alikuja na mchoro wa mabenchi mapya, akautandaza juu ya meza ya Odessa, akaanza kueleza.

"Umewauliza watakaoyakalia?" Odessa alisema, bila kuinua kichwa.

Dale akaukunja mchoro, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kuuliza.