Mkono wa Kukinga Maji

...na wala siyo kupiga, dada Khushboo kasema siyo kupiga, ni kugonga makohozi yabanduke, lakini mlio ni wa kupiga, wodi nzima inasikia, na mama mkwe wa Mwaisha, Bi Zuhura, amekaa kwenye kiti cha plastiki mdomo umemchongoka, tangu lini mtoto mgonjwa akapigwa mgongoni, kwetu Mkuyuni mgonjwa anabembelezwa, ndivyo alivyosema asubuhi, na kweli Mwaisha amebembeleza, nyamaza mama, nyamaza Sabra wangu, kila mtoto akitaka kulia anamuwahi na ziwa, kumbe... kumbe ukimya ule ndio uliokuwa unammaliza, asiyelia hakohoi wala havuti pumzi ndefu, pafu la kushoto limesinyaa, makohozi yameziba njia, na daktari hakuficha, lisipofunguka kufikia kesho wanapelekwa Dar akaingizwe mpira wa kupumulia kooni, katoto ambako hata kuongea hakajui vizuri, mpira, Mungu wangu... "Mama Sabra, mkono umeulaza tena," ni Khushboo, binti wa Kihindi wa pale mjini aliyesomea mazoezi ya kupumua, mpole lakini haachii, "ukunje, kama unakinga maji ya kunywa," maji, basi maji anayajua, kijito cha juu ya shamba la mama yake kule mlimani, ukibana vidole tone halipotei, ukilegeza unafika mdomoni na unyevu tu, na yeye tangu juzi anampapasa mwanawe kiganja bapa, kama anayefuta vumbi, kwa kuogopa jicho la mkwe, aibu gani hii ya kumzikisha mtu mwanawe, haya kunja, Mwaisha, kunja, po, po, po, huu sasa ndio mlio, Sabra kalala kifudifudi mapajani, kichwa chini kidogo, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, "We Mwaisha, utaniulia mjukuu!" aseme atakavyo, mkono hausimami, po, po, toka huko ulikojificha, toka... na kikohozi kikaja, si kile kikavu cha siku zote, kizito, chenye maji, kikamkunja mtoto mzima, Khushboo akawahi na kitambaa, donge la njano likatoka, na nyuma yake kilio, yarabi, kilio gani hiki, kimejaa wodi mpaka kina mama wa vitanda vya mbali wameinua shingo, Khushboo kaweka kifaa chake mgongoni, upande wa kushoto, anasikiliza, anacheka, "Hewa inaingia, mama! Inaingia!" na Mwaisha anacheka na machozi yanamtoka, leo nani kama yeye, nani, hata milima yote ya Uluguru ikimwangukia haimwangushi, po, po, po, bado, Khushboo kaonyesha kwa kidole, endelea, "Basi mnyamazishe mtoto," sauti ya Bi Zuhura imelegea sasa, na Mwaisha, ambaye tangu aolewe hajapata kumjibu mama huyu zaidi ya shikamoo na ndiyo mama, anasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, kwa adabu zote na mkono haujasimama, "Mwache alie, mama. Alie wamsikie mpaka Mkuyuni."