Medali ya Hamsini

Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, fundi cherehani mwenye kibanda chake soko la Wandegeya, ameketi mkekani sebuleni kwa mama yake, Kyebando, Jumamosi mchana, jasho linamchuruzika, anamkimbiza kuku kwenye simu. Kuku mwenyewe yuko uchi, hana hata soksi. Haya, chekeni kidogo, maana mchezo umetengenezwa uchekeshe. Lakini Kaltumi siku hiyo hakuwa na kicheko hata cha kuazima, na mama yake aliyekaa nyuma yake, miwani puani, alikuwa anaomba Mungu kuku akamatwe.

Niwaeleze mchezo kwanza, tusije tukaachana njiani. Kuku ametoroka kuchinjwa. Ana majiko kumi ya kupita, na kila jiko lina wapishi wenye miko na masufuria, na kila ukianza upya majiko yamepangwa vingine. Akikamatwa anageuka pilau, tarumbeta inalia, wapishi wanakata viuno, na wewe unarudi kwenye yai. Punje ulizookota njiani zinabaki zako, kwa hiyo unamnunulia kuku viatu, kofia ya chuma, mbawa za kurukia, ili safari ijayo afike mbele zaidi. Na kila ukifanya kituko fulani unapewa medali. Kummwagia supu mpishi mkuu, medali. Kusinzia ndani ya oveni iliyozimwa, medali. Ziko hamsini, na kila moja inaandikwa tarehe uliyoipata.

Mwenye mchezo ni Siraje, mdogo wake Kaltumi, kitinda mimba wa Hajati Husnah. Siraje alikwenda Uarabuni kulinda maghala, kama vijana wengi wa hapa wanavyokwenda, na simu yake ya zamani akamwachia mama. Alichokicheza kule kwenye simu mpya kilionekana na huku kwenye ile ya zamani. Kupiga simu kulikuwa kwa taabu, maana mkuu wa kambi yao hakutaka kusikia watu wakiongea na nyumbani. Basi Siraje akamwambia mama yake kwamba kila akiona hesabu ya medali imepanda, ajue mwanawe yuko hai, ameshiba, na bado hajakua. Mama akakubali, na hiyo ndiyo ikawa barua yao.

Hajati Husnah Kiingereza hajui, lakini namba anazisoma. Kila asubuhi baada ya sala alifungua simu, akatafuta ile namba, akaisema kwa sauti nyumba nzima isikie. Ishirini na nane, alhamdulillahi. Thelathini, alhamdulillahi. Wajukuu walikuwa wanamtania kwamba bibi anasikiliza kuku kuliko redio.

Thelathini na moja ikaja, ikakaa. Siku ya kwanza, ya tano, ya kumi na tisa, namba ile ile. Simu ya Siraje ukipiga imezimwa. Wakala aliyempeleka anasema subirini, mtandao wa huko una matatizo, kisha naye akaacha kupokea. Mama akaacha kula. Presha ikampanda hadi daktari wa zahanati akamvuta Kaltumi pembeni na kumwambia waziwazi kwamba mama akiendelea hivi hafikishi mwezi.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Kaltumi aliichukua ile simu akisingizia kwenda kuiwekea kioo kipya. Akakaa nayo kibandani, sare za shule za watu zikimngoja, akajifunza kumkimbiza kuku. Hakuwahi kucheza mchezo wowote maishani mwake zaidi ya rede ya utotoni. Siku mbili nzima alipikwa pilau. Siku ya pili alasiri kuku akataga yai ndani ya kofia ya mpishi, na namba ikawa thelathini na mbili. Jirani yake Pitshou, Mkongo anayetengeneza simu kibanda cha tatu kutoka kwake, alimkuta analia, akadhani amefiwa.

Jioni ile mama alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka nje. Akala chapati mbili za gurusa na chai, akaomba ya tatu.

Uongo huo ukishaulisha mara moja, unaamka kesho una njaa. Wiki iliyofuata mama alianza tena kuitazama namba kwa jicho la wasiwasi, na Kaltumi akabeba simu. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Zile rahisi Siraje alikuwa amezimaliza zote, kwa hiyo kila moja ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Alishona sketi zikapinda. Wateja wakalalamika, wengine wakahama. Pitshou alimfundisha kuruka na kujificha chini ya meza, bila kuuliza kwa nini mama wa watoto wawili anahangaika na kuku, na Mungu ambariki kwa hilo. Na kila alipofungua ule mchezo, kabla ya kitu kingine chochote, Kaltumi alihesabu medali kwanza. Alikuwa anatafuta moja, moja tu, ambayo hakuipata yeye. Haikuwepo hata siku moja.

Akafika arobaini na tisa. Hapo ndipo akatokea Anena, wakili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, aliyekuwa anakusanya familia za walinzi walionyamaza huko. Walikuwa wengi, banange, zaidi ya Kaltumi alivyofikiri. Anena angesafiri Jumatatu asubuhi na fomu zao mkononi, akabishe hodi huko huko, ofisi kwa ofisi, hospitali kwa hospitali, na magerezani pia. Ila fomu lazima itiwe dole gumba na yule ambaye mlinzi mwenyewe alimwandika kwenye mkataba kuwa ndiye mtu wake. Siraje alimwandika mama.

Na mama akakataa. Alimsikiliza Anena kwa adabu zote, akamtilia chai, kisha akamuuliza atamtafutaje mtu ambaye Jumatano iliyopita amepata medali. Akamwonyesha na namba. Akasema hawezi kumwandikia mwanawe karatasi ya kupotea ilhali anacheza, hiyo ni kumwitia mkosi. Anena alimtazama Kaltumi, na Kaltumi akatazama vikombe.

Siku tatu hakulala vizuri. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, akafunga mlango wa sebuleni, akakaa chini mbele ya mama yake na kumwambia yote. Alidhani mama atapiga yowe, au atamlaani. Mama alicheka.

"Wewe?" akasema. "Wewe uliyeniambia simu hii ina mdudu kumbe umezima sauti?"

Kaltumi akaapa. Akamtajia medali moja moja, kofia, oveni, supu. Mama akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema anajua Kaltumi anahangaika, anajua anataka karatasi ya wakili itiwe dole, lakini asimzulie mdogo wake. Kisha uso ukamkaza, akamsukumia simu mapajani.

"Kama ni wewe, nionyeshe. Imebaki moja. Ipate, niione kwa macho yangu."

Laiti angekuwa amebakiza hata moja ya kipuuzi! Lakini zote alikwisha kuzila, kwa haraka ya kumridhisha mama, na iliyobaki ilikuwa ile ambayo hata Pitshou ameihangaikia mwaka mzima kwenye simu yake akaiacha. Kuku apite majiko yote kumi bila kiatu, bila kofia, bila mbawa, na bila kuokota punje hata moja. Atoke kama alivyoanguliwa.

Basi ndiyo hapo tulipoanzia. Mara ya kwanza kuku alifika jiko la pili. Tarumbeta, pilau. Mama akavuta pumzi ndefu ya raha. Mara ya tano, jiko la tatu. Mara ya kumi na mbili akafika la saba, na mama akasogea karibu, na kuku akaokota punje, basi, imeharibika, anza upya. Kaltumi akajipiga paja. Ni mazoea ya miezi, kidole kinakwenda chenyewe kwenye punje. Mara ya kumi na saba, punje tena. Mama akamwambia inatosha, mwanangu, tumeelewana, tuyaache. Alisema kwa upole kweli kweli, na upole huo ndio ulimchoma Kaltumi kuliko chochote.

Adhana ya alasiri ilipolia waliswali wote wawili, bega kwa bega, na bila shaka maombi yao yaligongana huko juu. Kaltumi akatoka uani, akampigia Pitshou. Hakumficha tena, akamwambia kwa nini. Pitshou akamwambia atulize mkono, asimtazame kuku wala punje, awatazame wapishi tu, maana kinachomponza ni kutaka kitu.

"Usitake kitu, dada Kaltumi," alisema. "Pita tu."

Akarudi ndani. Jaribio la ishirini na mbili. Jiko la kwanza, la pili, la tatu, anatazama miko tu. La tano, kuku akapita katikati ya miguu ya mpishi mnene. La saba. La nane, mahali ambapo kuku wa Kaltumi hajawahi kufika akiwa mtupu, sufuria likaanguka upande wa kulia, akaenda kushoto, akapona. La tisa. Nyuma yake alisikia mama ananong'ona, na alipotega sikio akasikia anasema, ya Rabi, mshike, mshike huyo kuku. Mama wa watu alikuwa anamwombea mpishi.

Jiko la kumi. Mlango wa kutokea unaonekana, mwanga wa njano, na mpishi mkuu amesimama mbele yake na kisu. Nitawaambia ukweli, kwa sababu Kaltumi mwenyewe hakuuficha baadaye: hapo alitaka kushindwa. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Angechelewa kidogo tu, kuku angekuwa pilau, mama angecheka, wangekula chakula cha usiku, na Jumatano ijayo wangetafuta uongo mwingine. Alimpenda mama yake. Lakini akamfikiria Siraje, mahali asipopajua, kwenye kitanda au nyuma ya nondo au chini ya mchanga, akiwangoja watu wake waulize. Mpishi akainua kisu. Kaltumi akapita chini yake.

Jamani, shangwe gani ile. Manyoya ya kuku yakashuka skrini nzima, vifaranga wakacheza ngoma, masufuria yakapiga muziki, na maandishi ya dhahabu yakaonyesha hamsini kati ya hamsini. Muziki ukaendelea na kuendelea. Hakuna kati yao aliyenyoosha mkono kuuzima.

Mama akaichukua simu. Hakumtazama Kaltumi. Kidole chake kikaanza kupandisha orodha ya medali polepole, kutoka ya hamsini kurudi juu.

"Ya kwako ya kwanza ni ipi?"

"Ya thelathini na mbili, mama."

Kidole kikapanda hadi thelathini na moja, kikasimama. Tarehe tisa Machi. Mama akaisoma mara mbili. Kisha akaanza kuhesabu kwa vifundo vya vidole, Machi, Aprili, Mei, midomo inacheza bila sauti, hadi akafika Oktoba.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba mwanangu hatafutwi na mtu, na mimi nakula."

Kaltumi alitaka apigwe. Alitaka kofi, alitaka laana, kitu cha kumpa sababu ya kulia. Akaanza kusema kwamba daktari alisema, kwamba presha, na mama akainua kiganja kumkatiza. Muziki wa kuku ukaisha wenyewe. Huko nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira.

Mama akaomba ile fomu. Kaltumi akaitoa kwenye mkoba pamoja na wino. Wakaijaza taratibu, jina, namba ya pasipoti, kimo, kovu la kwenye nyusi, na walipofika kwenye mstari unaouliza siku ya mwisho ambayo mtu huyu alijulikana yu hai, kalamu ya Kaltumi ikagoma. Mama akamsomea tarehe kutoka kwenye simu. Alimwambia aandike kwa herufi kubwa, wasije wakakosea kuisoma. Halafu akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu, akalishikilia pale muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kaltumi akasema Jumatatu alfajiri ataifikisha kwa wakili kabla hajaondoka. Mama alikuwa ameshasimama, anatafuta mtandio wake, wino bado mbichi kwenye kidole.

"Vaa viatu," akasema. "Jumatatu ni mbali."