Kidole Juu ya Transista

Mkubwa alikuwa na kijicho, tusifichane. Miaka kumi na miwili amelehemu nyaya kwenye karakana ya baba yake, vidole vimeungua hadi vikaota sugu. Halafu mdogo wake Kitinda anarudi kutoka chuoni juzi tu, na sasa baba hafungui kinywa ila "Kitinda anasema hivi, Kitinda anasema vile". Leo baba alikuwa anastaafu, na meza yake ya dirishani, yaani usimamizi wa karakana nzima, angempa mmoja wao. Na ni nani aliyetengeneza amplifaya ya ile mashine ya zahanati ya kupima mapigo ya moyo? Kitinda! Roho ilimuuma Mkubwa, acha tu.

"Haya, tueleze," baba alisema, miwani puani.

"Hizi transista mbili ni pacha, baba. Zinagawana umeme wa njia moja. Moja ikizidi, nyingine inapungua, na hiyo tofauti ndiyo inayokuzwa. Mvumo wa umeme wa ukutani unazifikia zote sawasawa, kwa hiyo haukuzwi. Linabaki pigo la moyo. Tazama, nimezipa zote mawimbi yaleyale."

Mshale wa mita ya kupimia tofauti hiyo ulikaa kwenye sifuri, umetulia kama maji mtungini. Baba akatabasamu. Lile tabasamu! Mkubwa hakukumbuka mara ya mwisho alipopewa yeye.

"Hebu nione ulivyolehemu," alisema kwa sauti ya asali, akainama, akaegesha kidole juu ya transista ya kushoto. Transista ikipata joto kidogo tu hupitisha umeme zaidi; hilo alilijua kabla Kitinda hajamaliza shule ya msingi. Mshale ukaanza kutambaa.

"Mbona unasogea?" Kitinda akahaha. "Jamani, jana ulitulia siku nzima!"

"Ngoja nikusaidie, mdogo wangu." Mkubwa akaminyaminya waya usiohusika, akaondoa kidole. Taratibu mshale ukarudi sifuri.

"Dada, wewe ni kiboko," Kitinda alisema, machozi yakimlengalenga. "Baba, meza mpe dada. Mimi bado."

Baba alikata kipande cha shaba, akakizungushia zile transista mbili kwa pamoja, akakikaza kwa koleo.

"Sasa zitapata joto moja," alisema. "Hata mtu akiweka kidole, mshale hautasogea."

"Nani aweke kidole, baba?" Kitinda akacheka.

Baba akafuta miwani yake, akaivaa tena. "Mkubwa, umemsikia mdogo wako. Meza unaitaka?"

Aliitaka, Mungu anajua alivyoitaka. Uso ukamuwaka kwa aibu. Akabeba sanduku lake la vifaa, akapita nalo mbele ya dirisha, akaenda kulitua kwenye kona yake ya siku zote.

"Meza ni ya Kitinda," alisema, bila kumtazama mtu. "Kidole kilikuwa changu."