Hela ya Mbao

Mimi natengeneza makochi. Mteja anatoa malipo ya awali, hela hiyo inanunua mbao na sponji, na faida unaiona siku anapomalizia. Fundi akiila ile ya kwanza, kazi imemshinda. Mimi sikuila. Benki ndiyo iliyoila.

Mteja alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni. Alitaka seti nzima ya mapokezi, kitambaa angeleta mwenyewe.

"Fundi, mimi sishiki hela mkononi. Nipe namba ya akaunti."

Nikampa kwa madaha. Ilikuwa akaunti niliyofungua nilipokopa cherehani, benki wakawa wanakata rejesho wenyewe kila mwezi. Kazi ilipokauka wakakata vilevile, akaunti ikaingia chini ya sifuri. Nilijua. Nilidhani tu deni litalala pale lilipo mpaka nilete hela. Kumbe kila siku linapolala wanakata tozo, na tozo inalisukuma chini zaidi.

Nilipokwenda kutoa hela ya mbao, mashine ya benki ikanitemea karatasi tu, hela hakuna. Nikaingia ndani. Dada wa dirishani alikuwa mdogo kuliko binti yangu, na adabu zake zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hela yangu iko wapi?"

Akabofya. "Iliingia, baba, ikafidia salio hasi pamoja na tozo. Bado uko chini, ila si sana; yamebaki marejesho ya nyuma, nayo yatakatwa hela nyingine ikiingia."

"Nani kakata?"

"Mfumo."

"Huo mfumo unakaa chumba gani? Nikaongee nao."

Mtu nyuma yangu akacheka. Dada hakucheka. "Hauna chumba, baba. Unakata wenyewe."

"Basi wewe nirudishie."

"Sina uwezo huo."

"Meneja je?"

"Naye hana. Labda uandike barua makao makuu."

"Shule niliishia njiani. Niandikie wewe."

"Siruhusiwi, baba."

Angenijibu ovyo ningepata pa kumalizia hasira. Macho yake yalikuwa ya huruma tupu. Nikasema ahsante, Mungu anisamehe, nikatoka.

Nikaenda kwa muuza mbao wangu wa miaka yote. "Kaka," akasema, "nikikukopesha wewe, kesho mafundi wote wako hapa." Mama naye akapiga simu.

"Fundi, tumefika wapi?"

"Tunapiga msasa, mama."

Msasa wa mbao zipi? Lakini ningemwambia nini? Wateja wakisikia kwamba hela zao zinazama kwako, hakuna atakayekupa tena.

Nikarudi nyumbani nikasimama mbele ya seti yetu ya sebuleni. Niliitengeneza nilipooa, kwa mbao ngumu ambazo siku hizi hupati. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa anakunja nguo.

"Mama watoto, hebu simama."

"Kuna nini?"

"Simama tu."

Akaiona nyundo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. "Hao benki," akasema, "hawana makochi ya kwao ukavunje?"

Nikavunja. Wanangu wakaja kutazama kama sinema. Sponji iliyopungua nikaikata kwenye godoro letu. Mke wangu ndiye aliyelishika nikikata.

Mama wa nyumba ya wageni alipokuja karakana akajitupa kwenye kochi kwa uzito wake wote. Halikulia hata kidogo.

"Fundi! Mbao kavu hivi umezitoa wapi?"

"Nilikuwa na akiba."

"Ndiyo maana nakupenda."

Nikamvuta kando. "Mama, hiyo ya kumalizia naomba unipe mkononi. Akaunti yangu ina matatizo."

"Aa, fundi! Si ungesema? Nimeshaituma tangu asubuhi."

Nikawasaidia watu wake kupakia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameketi sakafuni, ameegemea ukuta.

"Amelipa?"

"Amelipa."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile ya nyundo. Akaanza kunionyesha kwa kidole mahali atakapotaka kochi jipya likae, lisipigwe na jua la mchana, na madogo yageukie mlango. Akauliza kama safari hii tunaweza kuweka kitambaa cha bluu. Nikasema inawezekana, nikavua viatu, nikakaa chini pembeni yake.